Neno "Arm" Linapokwenda Kifini: Uhakiki wa Tafsiri ya Neno kwa Neno

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki mazoea yaliyoota mizizi katika madarasa yetu ya tafsiri, nayo ni kuamini kwamba kila neno la Kiingereza lina kisawe chake kimoja katika lugha nyingine, na kwamba kazi ya mfasiri ni kukitafuta tu. Mfano tutakaoutumia ni neno dogo la kila siku, "arm", na lugha tutakayolipeleka ni Kifini, lugha ya Ufini, nchi ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Finland.

Msomaji anaweza kuuliza: Kifini kinatuhusu nini sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Rwanda? Sababu ni mbili. Kwanza, nyani haoni kundule. Tukiichunguza tafsiri ya Kiingereza kwenda Kiswahili, mazoea hutuziba macho. Tukiichunguza katika lugha iliyo mbali nasi, kasoro hujitokeza yenyewe. Pili, Kifini na Kiswahili vimekwisha kukutana. Chuo Kikuu cha Helsinki kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na huko ndiko Profesa Arvi Hurskainen alikojenga mfumo wa kompyuta wa kuchanganua Kiswahili uitwao SALAMA, pamoja na kopasi ya Kiswahili inayojulikana kwa jina la mji huo. Aidha, Ufini imewapokea wakimbizi wa Kikongomani wanaozungumza Kiswahili, baadhi yao wakitoka katika kambi za ukanda wetu huu. Watu hao huenda hospitali, shuleni na mahakamani. Panapohitajika mkalimani, neno la kiungo cha mwili huacha kuwa zoezi la darasani.

Kifini kwa ufupi

Kifini si ndugu wa Kiingereza. Kimo katika familia ya lugha za Kiurali, pamoja na Kiestonia na, kwa umbali zaidi, Kihungari. Wasomaji wa Kiswahili watafurahi kujua mambo matatu kuihusu lugha hii. Kwanza, haina jinsia ya kisarufi: nafsi ya tatu umoja ni "hän" kwa mwanamume na mwanamke, kama ilivyo "yeye" kwetu. Pili, uhusiano wa mahali huonyeshwa kwa viambishi mwishoni mwa nomino, kama tunavyofanya sisi kwa "-ni". Tofauti ni kwamba pale ambapo sisi tunasema "mkononi" tu na kukiachia kitenzi kazi ya kueleza mwelekeo, Kifini hutofautisha "kädessä" (kitu kimo mkononi), "käteen" (kinaingia mkononi) na "kädestä" (kinatoka mkononi). Tatu, shina la neno hubadilika linapoambishwa. Neno lenyewe ni "käsi", lakini katika mifano hiyo limekuwa "käde-" na "käte-". Irabu "ä" hutamkwa kati ya "a" na "e".

Sasa "käsi" ni nini? Mwanafunzi akifungua kamusi ya Kifini na Kiingereza atakuta "käsi" limeelezwa kwa neno "hand". Akitafuta "arm" atapewa "käsivarsi". Ataandika maneno hayo mawili katika daftari lake, kila moja mbele ya mwenzake, na kuridhika. Hapo ndipo tatizo linapoanza.

"Käsi" au "käsivarsi"?

Katika mazungumzo ya kawaida Mfini hutumia "käsi" kwa kiganja na vidole, na hulitumia pia kwa mkono mzima kuanzia begani. Mtu aliyevunjika mfupa kati ya kiwiko na kiganja, sehemu ambayo Kiswahili huiita kigasha, husemwa kwamba "käsi" yake imevunjika. Kwa maneno mengine, "käsi" hufanya kazi ile ile inayofanywa na "mkono" wetu. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, moja ya misitu ya theluji na nyingine ya pwani ya Bahari ya Hindi, zimekubaliana, na Kiingereza ndicho kilichojitenga.

"Käsivarsi" limeundwa kwa "käsi" na "varsi". Neno "varsi" lina maana ya mpini, kama mpini wa shoka, na pia shina au kikonyo cha mmea. Hivyo "käsivarsi" ni mpini wa mkono: ile sehemu ndefu inayokibeba kiganja. Mfini hulitumia pale anapotaka kulitenga umbo hilo refu na kiganja chake, kwa mfano anapozungumzia mikono iliyo wazi bila kufunikwa na nguo, au mzigo uliolazwa juu ya mikono miwili.

Mfano mzuri uko katika ramani ya Ufini. Wafini wamezoea kuiona ramani ya nchi yao kama mwili wa msichana, wanayemwita Suomi-neito. Zamani alikuwa na mikono miwili. Mmoja, eneo la Petsamo, ulikwenda kwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1944. Uliobaki ni ile ncha ndefu ya kaskazini-magharibi, kati ya Uswidi na Norwei, na jina lake la kila siku ni Käsivarsi. Hapa "käsi" peke yake lisingetosha, kwa kuwa kinachozungumziwa ni umbo refu lililonyoshwa.

Lakini tazama Kifini kinavyofanya pale ambapo umbo si hoja. Mchezo wa watu wawili kushindana kulazana mikono mezani, ambao Kiingereza huutaja kwa neno "arm", Kifini huuita "kädenvääntö", yaani kupindana "käsi". Mtambo wa kamari wenye mpini wa kuvuta ubavuni, ambao kwa Kiingereza ni jambazi mwenye "arm" moja, Wafini wameutafsiri kwa kuiga picha hiyo hiyo, "yksikätinen rosvo". Hata walipoiga waziwazi hawakuichukua "käsivarsi" ya kamusi. Walichukua "käsi", kwa sababu ndivyo masikio yao yalivyodai.

Kuna na mitego. Mtu aliyesimama amekunja mikono kifuani, Kiingereza husema amezikunja au amezipishanisha "arms" zake. Mfasiri akiweka neno kwa neno atapata "kädet ristissä", mikono iliyopishana. Sentensi hiyo ni Kifini safi, ila Mfini ataona mtu aliyeshikanisha viganja kwa sala, au mtu aliyekaa bure bila kazi. Aliyekunja mikono kifuani ni "kädet puuskassa". Kila neno katika tafsiri ya kwanza ni sahihi kwa mujibu wa kamusi, na bado mlinzi aliyekasirika mlangoni amegeuzwa kuwa mcha Mungu.

Mtoto mikononi mwa mama

Tupige hatua nyingine. Kiingereza humweka mtoto katika "arms" za mama. Mfini wa kawaida hatataja mkono hata kidogo. Atasema "äidin sylissä". "Syli" si kiungo cha mwili. Ni ile nafasi inayopatikana kati ya mikono, kifua na mapaja pale mtu anapompokea mwenzake. Mama akikaa, mtoto yumo "sylissä". Mama akisimama na mtoto kamshika kifuani, bado yumo "sylissä". Kiingereza kina neno moja la mama aliyekaa na jingine la mama aliyesimama; Kifini hakijali amekaa au amesimama, kinajali kupokewa. Ndiyo maana kumpokea mgeni kwa furaha, ambako Kiingereza hutaja "arms" zilizofunguka, ni "avosylin" kwa Kifini, yaani kwa "syli" iliyo wazi. Sisi tunampokea kwa mikono miwili.

"Syli" lilikuwa pia kipimo cha urefu: upana wa mikono miwili iliyonyoshwa, sawa na mara tatu ya kipimo kiitwacho "kyynärä", jumla yapata mita 1.78. Wazee wa pwani walipima kamba kwa njia hiyo hiyo na kuiita pima, na walikuwa na dhiraa kwa urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Wafini na Waswahili walipima dunia kwa mikono yao bila kuulizana.

Kiswahili nacho kina njia zake za kumshika mtoto. Tunampakata, tunamkumbatia, tunambeba, tunameleka. Kinyarwanda kina "guterura" kwa kumnyanyua mikononi na "guheka" kwa kumbeba mgongoni. Katika lugha hizi mbili maana iko ndani ya kitenzi. Katika Kifini iko ndani ya nomino "syli". Katika Kiingereza hutajwa kiungo kinachofanya kazi. Mwanafunzi anayetafuta kisawe cha "arms" katika sentensi ya namna hii anatafuta kitu ambacho lugha lengwa haikupanga kukitumia. Akiandika "mtoto alikuwa katika mikono ya mama yake" hatakuwa amekosea sarufi. Lakini Mswahili angesema "mama amempakata mtoto", na sentensi ingepumua.

Vivyo hivyo kwa kitabu kilichobanwa chini ya "arm". Mfini atasema "kainalossa", yaani kwapani, nasi tunasema kwapani. Hapa tena Kifini na Kiswahili vinakutana bila kupitia London. Kiegemeo cha kiti ni "käsinoja", egemeo la "käsi". Mkono wa shati una neno lake la pekee, "hiha", ilhali Kiswahili huuita mkono vilevile. Tawi la mto ni "haara", neno linalotumika pia kwa tanzu la mti. Na kama "arms" ni silaha, basi ni "aseet", jambo lisilohusiana na mwili kabisa. Tumeshahesabu maneno saba au manane ya Kifini kwa neno moja la Kiingereza, na orodha haijaisha.

Nani amevunja mkono?

Tunafika sasa katika jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Kiingereza, mtu akianguka na kuumia, humfanya awe mtenda: yeye ndiye aliyevunja, na kilichovunjwa ni "arm" yake. Tena hulazimika kutaja kwamba kiungo hicho ni chake, kana kwamba mtu angeweza kuumwa na mkono wa jirani.

Kifini kina njia mbili. Mfini anaweza kusema kama Mwingereza, "hän mursi kätensä". Lakini anaweza pia kusema "häneltä murtui käsi": kwake yeye, mkono umevunjika. Mkono ndio unaovunjika, na mtu anatajwa kwa kiambishi cha mahali, kama pale ambapo balaa limetokea. Akiumwa husema "käteen sattuu", maumivu yameingia mkononi, bila kutaja nani mwenye mkono. Akinawa, ananawa "kädet" tu.

Na sisi? "Amevunjika mkono." "Naumwa mkono." "Nawa mikono." Mnyarwanda naye husema "yavunitse ukuboko", muundo ule ule. Kitenzi "vunjika" kimebeba hali ya kutendeka bila mtenda, na mkono umekuja baadaye kueleza ni wapi. Huu ni utajiri wa sarufi yetu ambao Kiingereza hakina, nao ndio wa kwanza kutupwa mfasiri anapofungwa na matini chanzi. Siku hizi si ajabu kusoma katika habari za michezo kwamba mchezaji fulani "alivunja mkono wake". Kwa msomaji mwenye sikio la Kiswahili, mchezaji huyo alikaa chini, akaushika mkono wake, akauvunja. Vilevile tunasikia "mkono wangu unauma" badala ya "naumwa mkono" au "mkono unaniuma". Sentensi inaeleweka, lakini mpangilio wake ni wa Kiingereza.

Tufikirie basi mkimbizi anayezungumza Kiswahili katika zahanati ya Ufini. Amesema "naumwa mkono". Mkalimani anayejua Kiswahili na Kifini ana njia iliyonyooka: "käsi on kipeä". Hakuna kilichopungua, hakuna kilichoongezwa, na daktari atauliza ni sehemu gani hasa, naye mgonjwa ataonyesha kwa kidole. Lakini mkalimani anayefikiri kwa Kiingereza, au mashine inayopitia Kiingereza, hulazimika kuchagua katikati ya njia: ni "hand" au ni "arm"? Mgonjwa hakusema. Mkalimani anabahatisha "arm", na kutoka hapo kamusi inampeleka "käsivarsi". Daktari sasa amepewa taarifa mahususi ambayo haikutoka kinywani mwa mgonjwa. Anapapasa kigasha, ilhali maumivu yako kiganjani.

Roman Jakobson alionyesha katika makala yake maarufu ya mwaka 1959 kwamba tofauti kubwa kati ya lugha iko katika yale ambayo kila lugha inamlazimisha msemaji kuyataja, kuliko katika yale inayomruhusu. Kiingereza hulazimisha kuchagua kati ya kiganja na mpini wake. Kifini na Kiswahili havilazimishi. Kupita katika lugha inayolazimisha ni kama kupita forodhani: utadaiwa ushuru wa bidhaa ambayo hukuibeba.

Je, lugha isiyotenganisha ni maskini?

Hapa tunaingia katika ubishi unaozuka kila mwaka darasani. Mwanafunzi husimama na kusema kwamba Kiswahili hakina neno la "arm", kwa hiyo kina upungufu, na kwamba ni wajibu wetu kuunda istilahi. Usemi huu una madhara, kwa sababu humfanya mwanafunzi aipime lugha anayojifunza kuifundisha kwa futi ya lugha nyingine. Hapa Rwanda hatari hiyo ni kubwa zaidi tangu mwaka 2008, Kiingereza kilipochukua nafasi ya Kifaransa kama lugha kuu ya kufundishia. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi mwaka 2017 kilikuta futi hiyo imekwisha kuwekwa mezani.

Takwimu zinatusaidia. Katika Atlasi ya Dunia ya Miundo ya Lugha, iliyochapishwa mwaka 2005, Cecil Brown alichunguza lugha 617 kuona kama zinatumia neno moja au maneno mawili kwa kiganja na mkono mzima. Lugha 389 zilitenganisha. Lugha 228 hazikutenganisha. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja. Je, tuseme theluthi ya lugha za dunia zina upungufu? La hasha. Zimeugawa mwili kwa namna nyingine.

Tena Kiswahili hakikosi maneno pale yanapohitajika. Kuna bega, kiwiko, kigasha, kifundo cha mkono, kiganja, kitanga. Kifini nacho kina "olkavarsi" kwa sehemu kati ya bega na kiwiko, "kyynärvarsi" kwa kigasha, "ranne" kwa kifundo na "kämmen" kwa kitanga. Daktari akitaka usahihi, lugha zote mbili zinampa usahihi unaolishinda neno "arm", ambalo lenyewe halisemi ni juu ya kiwiko au chini yake. Anayetetea "arm" kwa hoja ya usahihi amechagua wakili dhaifu.

Hata hivyo, tusijitape kupita kiasi. Yapo mahali ambapo Kiswahili hubanwa. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, kinapoeleza namna Mungu alivyowatoa Waisraeli Misri, hutaja viungo viwili: kimoja chenye nguvu na kingine kilichonyoshwa. Kiebrania kina maneno mawili, Kiingereza kina "hand" na "arm", na Kifini hapa huleta "käsi" na "käsivarsi" bega kwa bega. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 hulitaja neno "mkono" mara mbili. Wako watakaoona kwamba kitu kimepotea, na hatuwezi kuwapinga: jozi ya picha mbili imekuwa picha moja iliyorudiwa. Lakini wafasiri wale walifanya uamuzi wa busara. Wangeweza kuandika kiganja na kigasha, wakaokoa hesabu ya maneno na kuua hadhi ya maneno yenyewe. Marudio ya "mkono" yanasikika vizuri katika usomaji wa sauti, na hakuna msikilizaji anayebaki akijiuliza ni mkono upi. Uhakiki wa tafsiri haunabudi kuitaja hasara na kuipima, kisha kumsifu aliyeichagua hasara ndogo.

Tunapaswa pia kuwakumbusha wanafunzi wetu kwamba hata lugha za Kibantu hazikubaliani. Kiswahili husema kunawa mikono. Kinyarwanda husema "gukaraba intoki", na "intoki" ni vidole. Mwanafunzi hawezi kuhama na neno mkobani kutoka Kinyarwanda kwenda Kiswahili, lugha mbili zilizo jirani. Kwa nini basi atarajie kufanya hivyo kutoka Kiingereza?

Tufanye nini darasani?

Vitabu vingi vya lugha huanza somo la viungo vya mwili kwa picha ya mtu aliyesimama wima, amezungukwa na mishale, na mwisho wa kila mshale pana neno. Hatusemi picha hiyo ichomwe. Kwa mwanafunzi wa juma la kwanza ina faida yake. Kasoro yake ni kwamba mtu wa pichani hafanyi kitu. Hajavunjika, haumwi, hajapakata mtoto, hajabana kitabu kwapani. Viungo vyake havitumiki, kwa hiyo maneno yake hayana sentensi.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, baada ya picha kuja hali. Mwalimu awape wanafunzi sentensi kumi za Kiingereza zenye neno "arm", kisha awaulize si neno lipi la Kiswahili linafaa, bali Mswahili aliyeshuhudia tukio hilo angesema nini. Watashangaa kuona ni sentensi ngapi ambamo "mkono" haumo kabisa.

La pili, kinyume chake kifanyike pia. Wanafunzi waanze na "mkono" wa Kiswahili na kuupeleka Kiingereza. Shati la mikono mirefu, mkono wa pole, mkono mtupu usiolambwa, aliyekunja mikono wenzake wakilima: kila mmoja utadai neno lake au utakataa neno lolote. Zoezi hili huwaonyesha kwamba utata wanaoulaumu katika Kiswahili upo katika kila lugha inayotazamwa kutoka nje.

La tatu, mkalimani na mfasiri wafundishwe kutoongeza kisichosemwa. Lugha lengwa ikiwalazimisha kuchagua, na waulize. Swali fupi, "sehemu gani ya mkono?", lina thamani kuliko kisawe kilichobahatishwa kwa ufasaha.

Hitimisho

H.J.M. Mwansoko, katika kitabu chake Kitangulizi cha Tafsiri cha mwaka 1996 ambacho idara nyingi za Kiswahili hukitumia, aliieleza tafsiri kuwa ni uhawilishaji wa mawazo yaliyo katika maandishi. Wanafunzi wetu huikariri fasili hiyo kabla ya mtihani, kisha wanahawilisha maneno. Neno "arm" limetuonyesha umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili. Katika safari yake kwenda Kifini limekuwa "käsi", limekuwa "käsivarsi", limekuwa nafasi ya kumpokea mtoto, limekuwa kwapa, na mara nyingine limeachwa mpakani. Aliyekuwa na orodha ya visawe tu asingelivusha salama.

Walimu wenzetu, baadhi ya wanafunzi tunaowafundisha leo watakaa kesho kati ya mgonjwa na daktari, au kati ya mshtakiwa na hakimu, Kigali, Goma, Kampala, na pengine Helsinki. Hakimu atataka kujua kama mtu alivunja mkono au alivunjika mkono. Tofauti hiyo ni ya silabi chache, na Kiswahili kinazo tayari. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba hawazisahau kwa sababu tu Kiingereza hakikuwakumbusha.